Tusiuze Printa Chakavu kwa Kilo

Karibu kila ofisi ya umma iliyokaa miaka kumi na zaidi ina chumba ambacho ufunguo wake anao mtunza stoo peke yake. Humo mna viti vilivyovunjika, mafaili yaliyoguswa na mchwa, na printa. Printa ndizo nyingi. Zimepandishwa juu kwa juu, namba ya mali ya serikali imeandikwa ubavuni, baadhi zingali na karatasi iliyokwama mdomoni. Haziwezi kutoka kwa sababu mali ya umma haiondoshwi bila kibali, na hakuna anayehangaika kuomba kibali kwa ajili ya printa moja. Rundo linasubiriwa likue. Likishakua hutangazwa mnada au zabuni, na mara nyingi anayeondoka na mzigo ni mnunuzi wa vyuma chakavu, anayezoa kila kitu kwa mkupuo, majokofu na meza za chuma zikiwemo. Mizani yake inasoma kilo. Nyundo inafanya kazi yake, chuma kinawekwa huku, shaba kule, na plastiki inaishia jalalani au motoni.

Taratibu za mnada zimefuatwa. Hata hivyo tunapata hasara. Baina ya printa nzima na kilo za chakavu kuna hatua ya kati: kuichinja mashine kwa utaratibu, vipuri vitoke vikiwa vizima na vitumike tena. Kwa magari hatua hiyo tunaijua vizuri. Gari likipinduka likawa halitengenezeki, haliendi moja kwa moja kwenye tanuri. Milango, taa, gia boksi na injini vinaishia kwenye maduka ya spea ya Ilala, Dar es Salaam, na kila kipuri kinauzwa kwa bei yake. Kwa printa za serikali hatua hiyo tunairuka, huku vyuo na shule za ufundi zikilia kwamba hazina vifaa vya mazoezi.

Chukua printa ya leza ya kawaida, inayochapa rangi nyeusi tu. Ukishatoa trei na katriji, ukafungua skrubu na kubandua ganda, ubavu mmoja unaonyesha msururu wa gia nyeupe zenye grisi, zote zikisukumwa na mota moja au mbili. Katika mashine nyingi za zamani mota hizo ni za hatua: hazizunguki hovyo, kila mpigo wa umeme unazisogeza pembe ileile, kwa kawaida nyuzi 1.8 au 7.5. Mota za namna hiyo ndizo zinazoendesha mashine za kuchonga, za kukata na za kuchapa vitu vya 3D. Kando yake kuna sumaku-umeme ndogo zinazovuta na kuachia rola, vihisi vya mwanga vinavyotambua karatasi imefika wapi, springi za kila urefu, na pawa saplai inayotoa volti 24. Juu, ndani ya kisanduku kilichofunikwa vizuri, kuna kioo cha pembe nyingi kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika ili kuupeleka mwale wa leza kwenye dramu. Ukihamia printa ya wino, unakuta fito ya chuma iliyonyooka na kulainishwa kwa usahihi ambao karakana ya mtaani haiupati kwa urahisi, mkanda wenye meno, na utepe angavu wenye mistari myembamba ambayo mashine huihesabu ili ijue kichwa cha kuchapia kiko wapi.

Mota moja ya hizo ikiyeyushwa, inatoa shaba kidogo tu, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma cha kawaida. Ikitoka nzima inaweza kugeuza trei za mayai kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, au kumfundisha mwanafunzi jinsi kompyuta inavyoamuru kitu kisogee. Kazi ya kuisanifu, kuisokota na kuipima ilishafanyika kiwandani, na thamani ya mota iko hapo. Nyundo inaifuta thamani hiyo kwa pigo moja.

Yapo mambo yaliyokwishafanyika kwa vipuri vya namna hii. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D aliyoiita W.Afate kwa vipande vya kompyuta, skana na printa zilizotupwa. Gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola 100, kwa kuwa ni vipande vichache tu vilivyobidi kununuliwa. Nairobi, kampuni ya AB3D iliyoanzishwa na Roy Ombatti imetengeneza printa za 3D kwa kutumia sehemu zilizotoka kwenye taka za kielektroniki, na Dar es Salaam vijana wa STICLab walipita njia hiyohiyo.

Naiheshimu mifano hiyo, lakini faida iliyo karibu zaidi nasi ni ya kawaida kabisa: printa iliyokufa kuifufua nyingine. Ofisi hununua mashine kwa wingi, modeli moja kwa idara nzima, na zikianza kuharibika haziharibiki mahali pamoja. Hii imechanika filamu ya fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha tona, unga wa kuchapia, na kuigandisha kwenye karatasi. Ile bodi yake imeunguzwa na umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Ya tatu gia imekatika meno. Fundi aliyezipata zote tatu mezani anaweza kurudisha mbili kazini bila kuagiza kitu nje. Wenye stesheneri zinazozunguka vyuo vyetu wanalijua hilo siku nyingi. Fundi wao, kabla ya kuulizia kipuri Kariakoo, anainama kwanza chini ya meza, ambako kuna mzoga wa modeli ileile.

Tena zipo zilizozikwa zikiwa hai. Rola ya kuvutia karatasi ni mpira tu. Ukishalainika na kung'aa, karatasi inateleza, na ripoti inaandikwa kwamba mashine haifanyi kazi. Kuufuta kwa kitambaa chenye unyevu, au kuubadilisha, kwa kawaida kunamaliza tatizo. Kwenye printa nyingi za wino kuna sifongo chini inayofyonza wino unaotoka wakati vichwa vinaposafishwa. Programu ya mashine ikihesabu kwamba sifongo imejaa, mashine inagoma kuchapa, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Mwaka 2017 shirika la HOP la Ufaransa lilipeleka malalamiko ya kisheria kuhusu watengenezaji wa printa, Epson ikiwa miongoni mwao, likidai kwamba ugomaji wa aina hiyo unafupisha maisha ya mashine kwa makusudi. Msomaji ana uhuru wa kuwa na maoni yake juu ya dai hilo. Ninalosisitiza ni kwamba neno "mbovu" kwenye daftari la mali linaandikwa mara nyingi na mtu ambaye hakufungua hata skrubu moja.

Wanaopinga kuchinja mashine za umma wana hoja, na nzito kuliko zote ni ya wakaguzi. Wanasema ukimruhusu fundi wa ofisi atoe vipuri, umempa sababu ya kutangaza mashine imekufa. Leo atatoa mota kwenye mfu, kesho ataua iliyo hai ili apate mota. Aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi zetu hawezi kuipuuza hofu hiyo. Lakini dawa yake ni kutenganisha mikono: anayeithibitisha mashine kuwa mbovu asiwe ndiye anayepokea vipuri, na vipuri viende kwenye taasisi nyingine ya umma, siyo mfukoni mwa mtu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoshaji wa mali za umma inataja kuhamishia mali kwenye taasisi nyingine ya umma kuwa mojawapo ya njia za kuiondosha, pamoja na zabuni, mnada, kubadilishana na usimamizi wa utupaji taka. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Kwetu Tanzania, chuo cha ufundi stadi cha VETA na shule ya sekondari ya serikali ni taasisi za umma vilevile. Printa ikienda huko haijatoka mikononi mwa serikali, imebadilisha kazi tu.

Kuna hoja ya siri. Mashine kubwa za kunakili na kuchapa zina diski ya kuhifadhia, na diski hiyo inaweza kubaki na picha za nyaraka zilizopita. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya Affinity Health Plan ya Marekani ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi huku taarifa za wagonjwa zikiwa zimebaki kwenye diski. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hospitali au mahakama itakayoachia diski itoke na siri za watu itakuwa imewakosea watu hao vibaya. Lakini hoja hii inamgusa zaidi mnunuzi wa mnadani kuliko chuo. Mashine inayouzwa nzima ndiyo inayoondoka na diski yake tumboni. Anayeichinja anakutana na diski, anaitoa, na inaharibiwa mbele ya mashahidi. Printa nyingi ndogo za mezani hazina diski kabisa.

Hatari kwa afya ni ya kweli, na hapa sitaki mtu achukue bisibisi kwa pupa. Chembe za tona zina upana wa takriban maikromita 5 hadi 10, ndogo kiasi cha kuelea hewani na kuvutwa puani. Hazifai kufyonzwa kwa mashine ya kawaida ya kusafishia zulia, maana zinapenya kwenye kichujio na vumbi hilo linaweza kushika moto kwa cheche. Fundi akiwa amevaa barakoa, huzifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaweza kuzilainisha na kuzigandisha. Kapasita kubwa ya pawa saplai inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukishachomolewa ukutani, na fyuza hufika joto la karibu nyuzi 200. Yote hayo yanafundishika. Lisilokubalika ni kuchoma nyaya ili kupata shaba, jambo linalofanyika sasa hivi kwenye majalala yetu, na linafanyika kwa sababu anayeuziwa kwa kilo anatafuta njia ya haraka.

Hoja ya mwisho ni ya uchumi, na hapo nakubaliana na wapinzani nusu ya njia. Printa ndogo ya wino ya siku hizi ina plastiki nyingi na chuma kidogo. Mota zake mara nyingi si za hatua. Kuifungua kwa uangalifu kunakula muda, na vipuri utakavyopata huenda visilipe hata nauli ya fundi. Mota zinazotoka kwenye modeli tofauti hazilingani, hivyo ni vigumu kuanzisha kiwanda juu yake. Anayeahidi kwamba taka hizi zitatajirisha vijana anawadanganya. Kwa hiyo sipendekezi serikali ianzishe biashara ya vipuri vya printa. Napendekeza mashine zipelekwe mahali ambapo muda wa kuzifungua wenyewe ni malipo, yaani darasani. Mwanafunzi anayetumia asubuhi nzima kuichambua printa moja hajapata hasara, maana amejifunza umeme, mekanika na nidhamu ya kuweka skrubu mahali pake. Mkondo wa amali umeanza katika sekondari zetu kufuatia Sera ya Elimu toleo la 2023, na shule hizo zinahitaji vitu halisi vya kushika, vinavyoweza kuharibiwa bila mtu kukatwa mshahara. Sijui kifaa cha kufundishia kilicho rahisi kuliko printa mbovu.

Bila shaka kuna yatakayobaki: bodi, plastiki, tona, rola zilizokufa. Hayo ni taka za kielektroniki na lazima yaende kwa wenye leseni. Kanda yetu imeanza kuwa nao. Nairobi kuna WEEE Centre, Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera, na bodi zenye madini ya thamani hupelekwa kwa wayeyushaji wakubwa kama Umicore, ambao mtambo wao uko Hoboken, Ubelgiji. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka ridhaa ya nchi zinazohusika kabla ya taka zozote za kielektroniki kuvuka mpaka, ziwe zenye sumu au zisizo nayo. Kila kipuri kinachotumika tena hapa ni uzito usiohitaji makaratasi hayo. Na kazi bado ni kubwa mno: taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Barani Afrika kiwango hicho hakikufika asilimia moja.

Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Mwongozo wa kuondosha mali uelekeze kwamba kifaa cha kielektroniki kisiuzwe kama chakavu kabla chuo cha ufundi cha umma kilicho karibu hakijaulizwa kama kinakihitaji. Kikihitaji, hati ya makabidhiano isainiwe, diski itolewe, mzigo uende. Ofisa ugavi unayesoma haya, kabla hujaandika tangazo la mnada, mpigie simu mkuu wa chuo hicho umwambie una printa ngapi na za modeli gani.