Je, Rahisi Huvunja Upishi? Neno juu ya Bei ya Gitaa la Umeme

Wazee wetu walisema, Rahisi huvunja upishi. Mithali hii hatuikani, maana sufuria nyembamba huunguza wali, na jembe la chuma kibovu hupinda kabla tuta la kwanza halijaisha. Lakini si kila kitu hupimwa kwa mithali moja. Siku hizi maneno haya yametwaliwa na wauzaji wa magitaa ya umeme na mashabiki wao, nao humwambia kijana anayetaka kujifunza kwamba gitaa la dola 200 ni kichezeo cha watoto, na kwamba asiyekuwa na gitaa la dola 2,500 asijihesabu kuwa mpigaji. Neno hili twalipinga. Twataka kueleza sababu zetu moja moja, ili msomaji apime mwenyewe.

Kwanza yafaa kujua gitaa la umeme hutoaje sauti. Gitaa la kawaida lina tumbo wazi. Nyuzi zikitikisika, ubao wa mbele hutikisika pamoja nazo, na hewa iliyomo tumboni huikuza sauti. Kwa gitaa la namna hiyo uteuzi wa ubao na unene wake ni jambo kubwa, na fundi mwema astahili ujira wake. Lakini gitaa la umeme lililo la ubao mzima halina tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mara elfu kadhaa. Chombo hiki na tukiite kinasa-sauti. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, huzaa mkondo mdogo wa umeme katika waya ule, kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Mkondo huo hupita katika kebo hata kwenye amplifaya, nayo huutia nguvu na kuutoa katika spika. Basi asikiacho mtu hasa ni uzi, kinasa-sauti, amplifaya na spika, na kupita vyote hivyo, vidole vya mpigaji. Ubao waweza kubadili kidogo namna uzi unavyodumu kulia, wala hatubishi. Lakini jambo dogo halifai kuuzwa kwa bei mara kumi.

Mtu akisema kwamba hayo ni maneno ya kitabuni tu, na tutazame matendo ya wapigaji. Katika miaka ya 1950 Nathan Daniel, wa jimbo la New Jersey huko Marekani, alitengeneza magitaa ya Danelectro kwa fremu ya mbao rahisi iliyofunikwa hadibodi, ile ile ambayo watu huifanyia dari na migongo ya makabati. Vinasa-sauti vyake alivitia ndani ya vikebe vya namna ya vile vya rangi ya midomo. Magitaa hayo yaliuzwa kwa bei ya watu wa kawaida katika maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Hata hivyo Jimmy Page wa Led Zeppelin, mtu aliyeweza kununua gitaa lolote alilolitaka, alisimama jukwaani na Danelectro mikononi. Hound Dog Taylor wa Chicago alijipatia sifa kwa magitaa rahisi yaliyotoka Japani. Na Jack White, katika miaka yetu hii, amesikiwa dunia nzima kwa gitaa la Airline, ambalo zamani liliuzwa na maduka ya Montgomery Ward, na mwili wake si wa mbao bali wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Kama rahisi ingalivunja upishi wa gitaa, chakula cha watu hawa kingaliungua zamani.

Pili, na tuulize yale majina makubwa yalianzaje. Leo Fender, wa mji wa Fullerton katika California, alikuwa fundi wa kutengeneza redio, wala hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alipotoa gitaa lake la ubao mzima, ambalo tangu 1951 laitwa Telecaster, wako walioliona na kulicheka wakalifananisha na kafi la mtumbwi. Wenzake waliunganisha shingo na mwili kwa gundi na kwa ustadi wa siku nyingi. Yeye alizifunga kwa skrubu, ili kazi iende upesi, bei ishuke, na shingo ikiharibika ibadilishwe kwa urahisi. Stratocaster ya mwaka 1954 iliuzwa kwa dola 249.50. Fedha hizo hazikuwa kidogo kwa wakati ule, lakini ni chombo kilichobuniwa kitoke kiwandani kwa wingi, kitumike na mfanyakazi wa muziki, na kitengenezeke. Basi leo anayelitukana gitaa lililofungwa kwa skrubu na kutoka kiwandani kwa maelfu, na huku analisujudia jina la Fender, hajui analolisujudia.

Tatu, bei na ubora si ndugu wa tumbo moja. Kati ya mwaka 1958 na 1960 kiwanda cha Gibson kilifanya magitaa ya Les Paul yaliyopakwa rangi ya machweo ya jua. Wanunuzi walikuwa wachache, hata katika mwaka 1961 umbo lile likaachwa likawekwa jingine. Kisha Eric Clapton akalipiga gitaa la namna hiyo katika sahani aliyoitoa pamoja na John Mayall mwaka 1966, vijana wakaanza kuyatafuta, na mwaka 1968 kiwanda kikalazimika kulirudisha umbo la zamani. Leo moja la yale ya kwanza huuzwa kwa bei ya nyumba. Twauliza: ni nini kilichobadilika? Ubao ni ule ule, sumaku ni zile zile. Kilichobadilika ni tamaa ya watu. Wapinzani wetu hupenda kusema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya, mbona kizuri hiki hakikujiuza kilipokuwa kipya?

Clapton huyu huyu alinunua magitaa kadhaa kuukuu ya Stratocaster huko Nashville mwaka 1970, akachukua vipande vya matatu akaunganisha gitaa moja, akalipiga miaka mingi. Mwaka 2004 gitaa hilo lilinadiwa kwa dola 959,500. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba fedha zile zilikuwa thamani ya mbao na waya. Zilikuwa heshima ya mikono iliyolishika. Na kwa kuwa mikono haiuzwi, wauzaji wamebuni hila: tangu miaka ya 1990 viwanda vikubwa huuza magitaa mapya yaliyokwaruzwa, kuchubuliwa rangi na kutiwa kutu kiwandani, ili yafanane na ya wazee waliopiga miaka arobaini. Na haya yaliyoharibiwa kwa makusudi huuzwa ghali kuliko yaliyo mazima! Mtu akinunua shati lililotoboka kwa bei ya mashati matatu, majirani watamwonea huruma. Lakini akinunua gitaa la namna hiyo, wenzake humwonea wivu.

Nne, husemwa kwamba magitaa rahisi hufanywa na watu wasiojua kazi, katika nchi za mbali. Neno hili si la haki, tena limekwisha kukanushwa na historia. Katika miaka ya 1970 magitaa ya Japani yalidharauliwa kwa maneno hayo hayo. Lakini kazi yao iliendelea kuwa njema. Mwaka 1977 wenye Gibson waliwashtaki wauzaji wa Ibanez huko Marekani juu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka 1982 Fender wenyewe walianza kufanya magitaa yao Japani, mengine kwa jina la Squier. Mtu hajisumbui kwenda barazani, wala kuhamishia kazi yake ng'ambo, kwa ajili ya mshindani asiyejua kitu. Na magitaa ya Japani ya miaka ile, yaliyokuwa yakichekwa, leo hutafutwa na wakusanyaji. Sasa dharau imehamia kwa watu wa Uchina na Indonesia. Lakini siku hizi mashine ziongozwazo na kompyuta huchonga shingo na mwili kwa kipimo kile kile, ziwe California au Java. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei ni ujira wa mfanyakazi, kodi ya nyumba, na jina lililoandikwa kichwani. Ikiwa mtu anataka mfanyakazi apewe ujira mwema, hilo ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Lakini na aliseme hilo wazi, asilifiche nyuma ya neno sauti.

Hata hivyo haki hutaka tuseme na upande wa pili. Yako magitaa rahisi yaliyo mabaya kweli. Vigingi vyake huteleza, nyuzi zikalegea kabla wimbo haujaisha. Vijiti vya chuma vya shingoni havilingani kimo, uzi ukavuma kama nyuki. Ncha zake hukwaruza kiganja. Swichi zake hukoroma. Mwanafunzi akipewa gitaa la namna hiyo bila msaada atakata tamaa, atadhani kosa ni la vidole vyake. Ndiyo maana hatusemi kwamba kila kilicho rahisi chafaa. Twasema kwamba kasoro hizi zote zaonekana kwa macho na kusikiwa kwa masikio, na nyingi zatengenezeka kwa tupa, bisibisi, lehemu na nyuzi mpya. Fundi mwenye subira huweza kuzimaliza kwa siku moja. Gitaa la bei ndogo lililonyoshwa shingo na kutiwa nyuzi njema hulishinda gitaa la bei kubwa lililotupwa kabatini bila matunzo. Na hayo ya bei kubwa nayo hutoka kiwandani yakihitaji mkono wa fundi. Jina halinyoshi shingo.

Tena husemwa kwamba gitaa la thamani huuzika baadaye, basi fedha hazipotei. Kwa tajiri ni kweli. Lakini maskini akikopa dola 2,500 kwa kutumaini kwamba atauza kesho, riba haimngojei mnunuzi. Akiba isiyoweza kumlisha mtu wakati wa njaa si akiba yake, ni ya mkopeshaji.

Wala hatumkatazi mwenye fedha kununua kizuri. Mpigaji apandaye jukwaani kila usiku ahitaji chombo kisichomwaibisha, na ncha zilizolainishwa vema ni raha ya mkono. Uzuri wa ubao na maganda ya chaza yang'aayo ni halali kwa anayeweza kuyalipia, kama kanzu ya darizi ilivyo halali. Ila avaaye kanzu ya darizi asimwambie avaaye kanzu ya kawaida kwamba yu uchi.

Hapo ndipo penye uchungu wetu. Madhara ya fundisho hili si kwamba matajiri hutupa fedha zao. Fedha ni zao. Madhara ni kwamba mwenye kipawa aambiwa angoje, na kipawa hakingoji. Luambo Makiadi wa Kongo, aliyejulikana kwa jina la Franco, alianza utotoni kwa gitaa la kopo alilojitengenezea mwenyewe. Angaliambiwa angoje chombo cha bei kubwa, Kongo na sisi jirani zake tungalikosa muziki mwingi. Katika Uingereza Brian May, akiwa mwanafunzi mwaka 1963, alianza kutengeneza gitaa lake pamoja na baba yake. Shingo ilitoka katika ubao wa meko ya zamani, na springi zilitoka katika injini ya pikipiki kuukuu. Mwaka 2002 alilipiga gitaa hilo hilo juu ya paa la jumba la kifalme la Buckingham. Na huku kwetu Tanzania, bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilipiga kwa vyombo vilivyokuwa mali ya shirika, wala si ya mpigaji. Watu wasio na gitaa lao wenyewe walitupatia nyimbo ambazo hata leo huchezwa arusini.

Basi, shule au kikundi cha vijana kilichojikusanyia fedha kisizimalize kwa gitaa moja lenye jina kubwa, litakalofungiwa ofisini na kutolewa siku ya wageni. Na kinunue matatu ya bei ndogo yaliyochaguliwa kwa uangalifu, na amplifaya iliyo njema, na nyuzi za akiba, na fedha zinazosalia zimlipe mwalimu. Anayenunua na aende dukani pamoja na mtu ajuaye. Atazame shingo kwa kuilenga kama bunduki, apige kila uzi katika kila kijiti, akaze nyuzi kisha azivute aone kama zitalegea. Baada ya hapo ndipo aulize bei.

Na ewe kijana uliye na gitaa rahisi nyumbani, usimsikilize akuambiaye kwamba sauti yako ingekuja kama ungalikuwa na jingine. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Kaza nyuzi, kaa chini, upige kila siku. Miaka mitatu ikipita nawe hujaacha, utajua mwenyewe kama wahitaji gitaa jingine, wala hutahitaji muuzaji akuambie.