Konokono wa Miambani na Dawa ya Maumivu

KUSI NA KASKAZI
Na Mwanaheri Shaibu Kombo

Desemba 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maumivu makali iitwayo zikonotaidi, na miezi michache baadaye Umoja wa Ulaya nao ukaikubali. Jina lake la biashara ni Prialt. Dawa hiyo imenakiliwa kutoka kwenye sumu ya konokono wa baharini, Conus magus, anayepatikana kwenye miamba ya Ufilipino na bahari za jirani. Ndugu zake wa ukoo mmoja wapo kwenye miamba yetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na wengi tunawafahamu kama pambo linalouzwa kwa watalii ufukweni. Hilo ndilo lililonifanya niwape safu nzima ya leo.

Kombe la konokono huyu lina umbo la pia, na mara nyingi limepambwa kwa michoro ya kahawia na nyeupe inayomvutia kila anayeliona. Ndani yake anaishi mwindaji. Hana mbio, na samaki akishtuka keshampotea. Basi amejaliwa chusa. Jino lake moja limekuwa mshale mwembamba, wenye tundu ndani na kulabu nchani. Hulijaza sumu, hulipeleka kwenye ncha ya mkonga wake, na samaki akisogea tu, humchoma. Samaki hukakamaa papo hapo, akavutwa mdomoni mzimamzima. Wapo zaidi ya aina 700 za ukoo huu duniani. Wengi hula minyoo ya baharini, wengine hula konokono wenzao, na wachache ndio wavuvi wa samaki.

Mmoja wa wavuvi hao, Conus geographus, ameshaua watu. Yumo katika Bahari ya Hindi, na pwani yetu ni makazi yake. Hakuna dawa ya kuizima sumu yake. Aliyechomwa husaidiwa kupumua hospitalini mpaka mwili uishinde wenyewe.

Vifo hivyo ndivyo vilivyoianzisha hadithi ya dawa. Baldomero Olivera alizaliwa Manila, akasomea kemia, akaenda Marekani kuchukua shahada ya uzamivu na kufanya kazi kwenye maabara za hali ya juu zilizochunguza DNA. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alirudi nyumbani kufundisha. Alichokikuta kinafahamika kwa kila mhadhiri wa nchi maskini: vifaa vya kuendeleza utafiti aliouzoea havikuwapo. Angeweza kukaa akalalamika, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijiuliza ni kazi gani yenye maana inayoweza kufanywa kwa vitu vilivyopo, tena Ufilipino kuliko kwingine. Tangu utotoni alikuwa akikusanya makombe ya baharini, na alijua kwamba konokono mmoja wa nchini mwake anaua watu. Yeye na mwenzake Lourdes Cruz wakaanza kuichambua sumu ile. Samaki na konokono walipatikana kwa wavuvi, na kipimo kikubwa kilikuwa kumchoma panya sindano na kutazama kinachomtokea.

Olivera alihamia baadaye Chuo Kikuu cha Utah, huko Marekani, jimbo lisilo na hata hatua moja ya pwani. Akaendelea na konokono wake. Hapo ndipo kijana wa chuo, Craig Clark, alipopendekeza jambo ambalo wakubwa zake hawakulitarajia kuwa na faida: badala ya kuichoma sumu tumboni mwa panya, waichome moja kwa moja kwenye ubongo, tena kila kijenzi peke yake. Matokeo yaliwashangaza wote. Kijenzi kimoja kilimlaza panya usingizi, kingine kilimfanya atetemeke, kingine kilimpa wazimu wa kukimbia huku na huko. Sumu waliyodhani ni kitu kimoja au viwili ikaonekana kuwa ghala la makumi ya peptidi, na kila peptidi ina mahali pake maalumu inapogusa katika mishipa ya fahamu. Kijana mwingine, Michael McIntosh, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anamaliza sekondari alipojiunga na maabara, ndiye aliyeitenga ile iliyokuja kuwa zikonotaidi. Nataka wahadhiri wetu wasome aya hii mara mbili. Milango miwili mikubwa ya kazi hiyo ilifunguliwa na vijana ambao hapa kwetu tungewapa kazi ya kuosha vyombo vya maabara.

Namna dawa inavyofanya kazi inaeleweka bila shida. Ukijikata mguu, habari ya maumivu hupanda kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na hapo hukabidhiwa mshipa wa pili unaoipeleka ubongoni. Makabidhiano hayo hayafanyiki mpaka vijilango vidogo mwishoni mwa mshipa wa kwanza vifunguke na kuingiza kalsiamu. Zikonotaidi huviziba vijilango hivyo. Habari hufika kwenye uti wa mgongo ikaishia hapo. Mofini hupita njia nyingine kabisa, na ndiyo maana mgonjwa aliyezoea mofini hadi haimsaidii tena anaweza kupata nafuu kwa hii. Zikonotaidi haimletei mtu uraibu, wala haizuii pumzi kama mofini inavyoweza kufanya ikizidi. Ni mnyororo wa asidi amino 25 tu, na sasa hutengenezwa kiwandani bila kumgusa konokono hata mmoja.

Lakini si dawa nyepesi, na anayeisifu bila kusema hivyo anawadanganya wagonjwa. Haiwezi kumezwa, na haifai kupitishwa kwenye damu, kwa hiyo huingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa mrija mwembamba na pampu, ambayo mara nyingi hupandikizwa chini ya ngozi ya tumbo. Kipimo chake ni kidogo mno, na kikipandishwa haraka mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwapo, na hata kuugua akili. Gharama yake ni kubwa. Wagonjwa wanaoipata duniani ni wachache.

Na kwa mgonjwa wa saratani aliyelala Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, jibu la leo bado ni mofini. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilipotoa taarifa yake mwaka 2017, ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Uganda imeonyesha kwamba hali hiyo inaweza kubadilishwa: tangu 1993 Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya maji, ambayo ni ya bei nafuu, na sheria ikarekebishwa ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika. Waziri wa afya wa nchi yoyote ya ukanda huu anayeulizwa kuhusu maumivu aanzie hapo.

Kwa hiyo siwaombei wagonjwa wetu pampu za Prialt. Ninachokililia ni njia aliyoipita Olivera, ya kuanza na kilichopo mlangoni kwako. Sisi tunakipita kila siku. Maji yakitoka wakati wa bamvua, kina mama wa Unguja, Pemba na Kilwa wanaingia mwambani kuchokoa pweza na chaza, na wanajua ni mnyama gani wa kushikwa na yupi wa kuachwa. Elimu hiyo ina thamani ya maabara, na bado mtafiti anayekwenda kukaa nao na kuiandika ni nadra kumwona. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi Mombasa. Zina watu wenye uwezo. Zikipewa fedha za kupima sumu za konokono wetu, hata kwa vifaa vya kawaida, hazitakuwa zinaanza chini zaidi ya alipoanzia yule bwana wa Manila.

Wapo watakaosema kazi imekwisha, dawa imeshapatikana. Haijakwisha. Kila aina ya konokono hawa ina mchanganyiko wake wa sumu, na sehemu kubwa ya peptidi hizo haijachunguzwa. Mwaka 2015 watafiti wa Utah walieleza kwamba Conus geographus, yule muuaji, hutumia insulini inayofanana na ya samaki kuwalegeza samaki kabla ya kuwameza. Insulini yake hufanya kazi kwa haraka, na wanasayansi wanaichunguza wakitafuta dawa bora ya kisukari. Bahari imeshatupa nyingine pia: sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ilitokana na sifongo wa Karibi.

Kuna jambo moja zaidi linalonisumbua. Hadithi ya zikonotaidi ilianzia Manila, lakini iliyoifanya dawa ni Neurex, kampuni ya California, na iliyopata kibali ni Elan ya Ireland, baada ya kuinunua Neurex mwaka 1998. Wakati huo mataifa hayakuwa na Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010, ambayo inamtaka anayechukua viumbe vya nchi nyingine kwa utafiti aombe ridhaa na akubaliane na wenyewe juu ya mgao wa faida. Sasa ipo. Mtafiti wa nje anapoomba kibali cha kuchukua konokono, sifongo au matumbawe ya pwani yetu, watoa vibali wasiridhike na ada na mhuri. Wadai mwanafunzi wa hapa aingie kwenye kazi hiyo tangu siku ya kwanza, jina lake liwemo kwenye chapisho, na sampuli moja ibaki nchini.

Wakati huohuo tunauza mtaji. Konokono anayeuzwa kama pambo hakuokotwa akiwa kombe tupu, maana makombe yaliyokufa huchakaa na kupoteza rangi. Alichukuliwa hai, akachemshwa au kuzikwa mchangani hadi nyama ikaoza. Watafiti waliotathmini aina 632 za ukoo huu waliona hali mbaya zaidi Cape Verde na Senegal, ambako kuna aina zinazoishi kwenye ghuba moja tu duniani. Miamba inayovunjwa kwa baruti na kwa nanga inawanyima wote makazi.

Ombi langu kwa msomaji wa pwani ni dogo. Ukimkuta konokono wa umbo la pia akiwa hai mwambani, usimshike kwa mkono wala usimtie mfukoni, maana chusa lake hupenya nguo. Wafundishe na watoto. Na ukiona kombe lake linalong'aa kwenye meza ya muuza mapambo, usilinunue.