CHUPA YA DAWA NA MSHAHARA WETU



Wengi wetu tukaao Makongeni, Kaloleni na Bahati tuna miwa nyumbani, upande wa Muhoroni, Mumias au Nzoia. Kila mwisho wa mwezi twapigiwa simu tutume pesa za mbolea. Siku hizi twaombwa na pesa za chupa, yaani dawa ya kunyunyizia majani, ambayo wauzaji wasema itanenepesha miwa na kuitia utamu. Pesa hizo zatoka katika mshahara, na mwenye mshahara ana haki ya kujua zaendako.

Dawa hizo si uwongo. Muwa hutaka nitrojeni kwa makumi ya kilo katika hekta, bali zinki haifiki kilo moja, na kiasi kidogo hivyo chaweza kupitia jani. Muwa uliokosa zinki huonyesha michirizi myeupe kandokando ya mshipa wa kati wa jani, na pingili zake huwa fupi. Hunyunyiziwa salfeti ya zinki, gramu 100 katika bomba la lita 20, asubuhi au jioni, wakati miwa ingali michanga. Ukizidisha, majani huungua.

Lakini ikiwa udongo una zinki ya kutosha, umenunua maji kwa bei ya dawa. Udongo wa Magharibi sehemu nyingi una asidi, na DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka huizidisha. Hapo fosforasi hushikwa na udongo, mizizi isiipate. Shamba kama hilo lataka chokaa, na chokaa haiuzwi katika chupa.

Na huo utamu? Kwa miaka mingi mkulima wa Kenya amelipwa kwa uzito wa miwa, si kwa sukari iliyomo. Muuzaji akiusifu utamu, aulizwe nani atakayeulipia! Tena muwa uliokatwa ukilala siku nyingi ukingojea trekta, sukari yake hupotea, hata ungalinyunyiziwa nini. Wakulima wakidai malipo kwa sukari, dai hilo ni letu pia.

Basi udongo upimwe kwanza. Maabara ya KALRO iko hapa Kabete. Atakayekwenda likizo achimbe mahali 15 au zaidi shambani, kina cha jembe, achanganye, aanike kivulini, alete nusu kilo. Asitumie mfuko wa mbolea wala karai la mabati. Sisi wa karakana twajua bati hupakwa zinki, nayo itaharibu kipimo.

Twaiomba kamati ikusanye udongo wa wanachama wote na kuupeleka Kabete kwa safari moja, ili nauli isimwelemee mtu. Majina yapelekwe kwa katibu wa tawi. Kila mfuko uandikwe jina la mwenyewe, kijiji, na mbolea iliyotiwa msimu uliopita.