Majina ya watoto yasahihishwe kabla ya kuhamishwa

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii, ambayo sisi walimu tumezoea kuwaonyea watoro, imepata maana mpya katika shule zetu. Siku hizi mtoto anaweza kuwapo darasani tangu asubuhi hadi jioni, akajibu maswali na kufagia uwanja pamoja na wenzake, na bado akahesabiwa kuwa hayupo, kwa sababu tu jina lake halimo katika tarakilishi ya Serikali.

Nilikutana na mtoto wa namna hiyo karibu na mji wa Chaka, eneo la Kieni Mashariki, Kaunti ya Nyeri. Chaka ni mji wa barabarani, kati ya Kiganjo na Naro Moru katika njia kuu iendayo Nanyuki. Watu huja na watu huondoka: vibarua wa mashambani, wachuuzi wa viazi na vitunguu, jamaa waliobahatika kununua ploti. Watoto wao huhama shule pamoja nao. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa isimu chuoni, aliniomba nimsaidie kulinganisha orodha mbili, ile ya daftari la mahudhurio na ile ya mtandaoni.

"Daktari," aliniambia, "wewe ndiwe mtu wa majina. Hebu niambie, hawa ni watoto wawili au ni mmoja?"

Katika daftari mtoto aliandikwa Wangari. Mtandaoni aliandikwa Wangare, tena chini ya shule aliyoiacha upande wa Laikipia alipokuja kuishi na nyanya yake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa moja. Shule ya awali haikuwa imemwachilia, na kwa hivyo shule mpya haikuweza kumpokea. Nyanya alikwisha kwenda huko mara mbili kwa nauli yake mwenyewe, na mara zote mbili aliambiwa kuwa mwenye nywila hayupo. Nilipomwona, barua ya uhamisho alikuwa ameifunga katika leso. Hakunidadisi habari za mitambo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani mjukuu wangu atafanya mtihani kwa jina la nani?"

Swali la mama huyo ndilo ningependa tulitafakari wakati huu ambapo Serikali imeamua kuhamisha rekodi za wanafunzi wetu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Mfumo wa NEMIS ulizinduliwa mwaka 2017. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandikishwa humo kwa cheti cha kuzaliwa na kupewa nambari yake pekee. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba nafasi ya NEMIS itachukuliwa na mfumo mpya uitwao KEMIS. Kwa mtazamo wa haraka wa mwanaisimu, ni herufi moja tu iliyobadilika. Lakini nyuma ya herufi hiyo kuna mamilioni ya watoto, na nyuma ya watoto hao kuna fedha.

Fedha ndizo zilizoupa mfumo huu nguvu. Tangu elimu ya msingi bila malipo iliporejeshwa mwaka 2003, na ile ya sekondari za kutwa ilipoanza mwaka 2008, shule hutegemea mgao unaokadiriwa kwa kila mwanafunzi. Viwango vilivyowekwa ni Sh1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, Sh15,042 katika sekondari ya msingi na Sh22,244 katika sekondari. Hata kama aghalabu mgao haufiki wote, hesabu yake huanzia kwenye orodha. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya msingi yenye wanafunzi kumi ambao hawamo katika orodha. Shule hiyo hukosa Sh150,420 kwa mwaka, na watoto wale kumi huendelea kula chaki na karatasi za wenzao.

Sitaki nieleweke kwamba napinga mageuzi. Serikali ina sababu nzito ya kutaka mfumo ulio bora. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, iliyojadiliwa bungeni mwaka 2025, ilionyesha kuwa fedha za umma zilikuwa zimepelekwa kwa shule zisizokuwapo. Mwaka huohuo Wizara iliagiza idadi ya wanafunzi ihakikiwe upya shuleni. Ni nani mwenye akili timamu atakayewatetea wanafunzi hewa? Kila shilingi inayoliwa kwa jina la mtoto asiyekuwapo imetoka mdomoni mwa mtoto aliyepo.

Hata hivyo, kuna makosa ya aina mbili, na ni lazima tuyatofautishe. Kosa la kwanza ni kumhesabu asiyekuwapo. La pili ni kutomhesabu aliyepo. Tukiwa na hamaki ya kulifuta la kwanza, tunaweza kulizidisha la pili. Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kuzungumza kama mwanaisimu, kwa maana tatizo la Wangari lilianzia katika irabu.

Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kikuyu kina saba. Zile mbili za ziada huandikwa kwa kuwekewa alama juu, ĩ na ũ. Sauti ya ĩ humkaribia msikilizaji kama e, na ya ũ humkaribia kama o. Karani wa vyeti, ambaye aghalabu haandiki alama hizo, hulazimika kuchagua. Mmoja ataandika Wangari, mwingine Wangare. Mmoja Muthoni, mwingine Mothoni. Aidha, Kikuyu hakipambanui l na r, na majina ya ubatizo huyumbishwa vivyo hivyo. Sikio la mwalimu linajua kwamba hilo ni jina moja. Tarakilishi haina sikio; inalinganisha herufi. Kwake yeye, Wangari na Wangare ni watu wawili, na mmoja wao huenda akashukiwa kuwa hewa.

Kinyume chake pia hutokea. Kwa desturi ya Agikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba. Ndugu watano wa tumbo moja wakipata wana, kutakuwa na wajukuu watano wenye jina la babu mmoja. Zaidi ya hayo, majina kama Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Nyambura na Wairimu yanatokana na mabinti wa asili ambao koo za jamii hiyo zinahusishwa nao, na yamejaa katika kila darasa kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Mtambo ukiamriwa kufuta majina yanayojirudia, utawafuta binamu wawili waliozaliwa mwaka mmoja na wanaoketi dawati moja. Huku ukimwacha Wangare wa Laikipia akila mgao, utamnyima Wangari wa Chaka.

Kwa sababu hiyo, kuhamisha rekodi si sawa na kuhamisha magunia ya viazi kutoka lori moja hadi jingine. Gunia lililooza likihamishwa hubaki limeoza, na tena huoza pamoja na yaliyo jirani. Mintarafu hiyo, ninayo mapendekezo manne.

Kwanza, kabla rekodi za shule yoyote hazijafungwa katika mfumo mpya, orodha ya kila darasa ichapishwe na kila mzazi au mlezi aoneshwe jina la mtoto wake peke yake, alithibitishe au alisahihishe na kutia sahihi. Nasema peke yake kwa makusudi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazikinga habari za watoto, na si haki kubandika tarehe zao za kuzaliwa kwenye ubao wa matangazo.

Pili, nambari ya zamani isitupwe. Ihifadhiwe kando ya nambari mpya, na mfumo wa zamani uendelee kusomeka ili mwalimu anayeshuku kosa aweze kurudi nyuma na kuchunguza. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Asiye na ngama ya kurejelea atarejea wapi?

Tatu, mtoto asifutwe na mtambo. Panapotokea majina mawili yanayofanana, au jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, uamuzi ufanywe na binadamu baada ya kuangalia daftari la mahudhurio na kumwona mtoto. Uhamisho nao uwekewe muda maalumu. Shule ya awali ikikaa kimya siku hizo zikapita, afisa wa elimu wa kaunti ndogo awe na uwezo wa kumwachilia mtoto. Isiwe kwamba hatima ya mwanafunzi imefungwa katika nywila ya mtu mmoja aliyekwenda likizo.

Nne, mlezi azungumzwe naye kwa lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Skrini na fomu za NEMIS zilizungumza Kiingereza. Nyanya wa Chaka hawezi kusahihisha kosa asiloweza kulisoma. Tafsiri ya fomu ya ukurasa mmoja haiwezi kulishinda taifa lenye idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyake.

Nawageukia walimu wenzangu. Najua mzigo huu utawaangukia nyinyi, mara nyingi usiku, katika saiba ya mjini, kwa fedha za mfukoni mwenu. Ni haki yenu kudai muda, vifaa na gharama ya kazi hiyo. Lakini wakati mnapodai, msiliandike jina la mtoto kwa kubahatisha. Nanyi wanafunzi, someni majina yenu katika kila fomu mnayopewa. Jina likikosewa, semeni mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisa cha Wangari kilikwisha salama. Mwalimu mkuu wake alipanda matatu yeye mwenyewe, akaketi nje ya ofisi ya shule ile hadi mwenye nywila alipofika, na mtoto akaachiliwa. Nilifurahi, ila sikupata utulivu. Taifa haliwezi kutegemea kwamba kila mtoto aliyepotezwa na irabu moja atakuwa na mwalimu mkuu aliye tayari kulipa nauli kwenda kumtafuta.