Majina Tuwapayo Watoto Wetu



Mwezi huu twataka kusema juu ya neno moja dogo lisikikalo katika nyumba nyingi hapa Kigera, na kwingineko Musoma, kila shule zifungapo na watoto kurudi na karatasi za matokeo. Mtoto ameshika nafasi ya 58, baba aitazama karatasi, kisha asema, "Huyu ni mjinga." Siku ya tatu nduguze nao wamwita hivyo. Baada ya mwaka, mtoto mwenyewe akiulizwa kwa nini hanyoshi mkono darasani, hujibu kwamba yeye ni mjinga, kana kwamba atutajia kabila lake.

Katika Suratul Hujurati, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Wengi hudhani kuwa aya hiyo yawahusu watu wazima tu. Twauliza: ni nani aliyemtoa mtoto katika hukumu yake?

Na mara nyingi jina lenyewe ni la uongo. Mtoto huyo huyo hutumwa mwaloni kuuza dagaa wa mama yake. Hupima kwa kopo, hujumlisha, na kurudisha chenji sawasawa. Hesabu aijua, asichokijua ni namna iandikwavyo ubaoni. Mwingine amechelewa tu. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alipoanza shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwaka 1934, alikuwa na umri wa miaka 12, umri ambao mtoto wa leo yu karibu kuimaliza shule ya msingi.

Hatusemi kwamba mtoto asifiwe uongo. Asiyejua kusoma akiambiwa kuwa ni hodari huitambua hila hiyo upesi, wala hatasadiki tena sifa yetu nyingine. Aambiwe kweli, lakini aambiwe juu ya kazi yake: "Hesabu hii umekosea, haya tuitazame pamoja." Kosa lina dawa, ujinga wa kuzaliwa nao nani atautibu?

Chuoni kwetu wamo watoto waliozoea Kikwaya na Kijita, ambao herufi ya dhadi huwatoa jasho, na wenzao huwacheka. Hao tumewafundisha hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kwamba asomaye Kurani kwa taabu na kukwama ana ujira mara mbili. Tangu hapo mmoja wao, akichekwa, hujibu, "Mimi nahesabiwa mara mbili," kisha huendelea na aya yake.