Bwana Harusi, Saa ya Rozi Unamvalia Nani?

Siku hizi bwana harusi akitupia suti bila saa ya dhahabu mkononi, watu wanaona kama pamba haijakamilika. Na dhahabu yenyewe sio ile ya njano ya wazee. Inatakiwa rozi, ile yenye wekundu fulani hivi wa shaba. Kisa? Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliposti mkono wake ukiwa juu ya usukani, saa ya rozi inawaka kama taa ya breki. Basi kuanzia hapo kila mwenye harusi anaingia dukani na simu mkononi: "Nipe kama hii."

Kuiga pamba sio dhambi. Mjini watu wanaigana kila siku na maisha yanaenda. Tatizo linaanza pale mtu anapochagua rangi ya saa yake kwa kuangalia mkono wa mtu mwingine, mwenye ngozi nyingine, mfuko mwingine, na pengine saa ambayo hata sio yake.

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Busisi, kule Sengerema, anayejitafutia kwenye biashara ya dagaa. Anaoa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, kwenda Mwanza mjini sio tena safari ya kupiga foleni ya kivuko. Ni kilomita 3 juu ya ziwa, dakika chache umeshatokea ng'ambo. Kwa hiyo kijana kavuka, kazunguka maduka, karudi na picha za saa mbili: moja njano, moja rozi. Zote nyembamba, uso mweupe, mkanda wa ngozi. Ya rozi ina bei ya juu zaidi, na kisingizio cha muuzaji ni kwamba ndiyo inayovaliwa na mastaa.

Kamati ya harusi ikapasuka vipande viwili. Washikaji wakasema rozi, kwa sababu rangi ya sherehe ni damu ya mzee na vitaendana. Mjomba wake, mzee aliyewahi kushinda kwenye maduara ya Geita enzi za ujana, akaitazama ile picha akacheka: "Mjomba, hiyo nyekundu ni shaba. Wamekupiga." Mchumba yeye hakusema mengi. Aliangalia tu pete yake ya uchumba, ambayo ni ya njano, iliyotengenezwa na sonara.

Bwana harusi hakusikia la mjomba wala la mchumba. Akaanza kupiga hesabu za mkopo wa kausha damu ili aongezee pesa ya rozi. Hapo ndipo stori ya saa inapoacha kuwa stori ya saa.

MJOMBA KAPATIA NUSU

Tumpe mzee haki yake kwanza. Rozi kweli ina shaba nyingi, na wekundu wake unatoka huko huko. Ila kusema ni feki kwa sababu ya rangi, hapo mzee kateleza.

Dhahabu safi kabisa, karati 24, ni laini mno kwa kazi ya saa. Ukiigonga kwenye meza inabonyea. Ndio maana watengenezaji wanaichanganya na madini mengine ili iwe ngumu. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75. Hiyo asilimia 25 inayobaki ndiyo inayoamua rangi. Wakiweka fedha na shaba kwa vipimo vinavyokaribiana, inabaki njano. Wakijaza shaba kwa wingi, inakuwa rozi. Wakiweka madini meupe kama paladiamu au nikeli, inakuwa dhahabu nyeupe.

Kwa hiyo saa ya njano ya karati 18 na saa ya rozi ya karati 18 zina dhahabu sawasawa. Asilimia 75 kwa 75. Hakuna iliyo ya kweli kuliko mwenzake, na muuzaji anayepandisha bei eti rozi ina dhahabu nyingi zaidi anakutania. Ukweli wa dhahabu hauko kwenye rangi, uko kwenye muhuri. Saa ya karati 18 huwa imegongwa namba 750, ya karati 14 ni 585, ya karati 9 ni 375. Na hata muhuri wenyewe unaweza kughushiwa, ndio maana wa kuthibitisha ni sonara, sio muuzaji.

LAKI NA NUSU HAINUNUI DHAHABU

Sasa ngoja tupige hesabu ndogo ambayo wengi hawapigi. Gramu moja ya dhahabu safi imeshapita shilingi laki mbili. Bodi ya saa nyembamba ya karati 18 inaweza kula gramu 20 au zaidi. Katika hizo gramu 20, dhahabu safi ni gramu 15. Zidisha kwa laki mbili tu, bila kuongeza hata mia: ni milioni 3. Hapo bado mashine ya ndani, mkanda, kazi ya fundi na faida ya muuzaji.

Kwa hiyo yeyote anayeuziwa saa ya "dhahabu" kwa laki moja na nusu, anauziwa rangi. Ni saa ya chuma au shaba iliyochovywa utando mwembamba wa dhahabu, na nyingine hazina hata hiyo dhahabu ya kuchovya, ni rangi inayofanana. Sio aibu kuivaa. Aibu ni kukopa kwa riba ya kuua ili ununue rangi huku unaamini ni mali.

Kijana wa Busisi aliokolewa na fundi saa mmoja wa mjini, mzee wa kijiwe. Fundi aliigeuza ile ya rozi, akamsomesha maandishi ya mgongoni: stainless steel back. Maana yake ni kwamba mgongo tu ndio wa chuma kisichoshika kutu. Bodi yenyewe hapo mbele haijatajwa, na kwa saa za aina hiyo mara nyingi ni chuma cha bei rahisi kilichopakwa. Kisha fundi akatoa kwenye droo saa nyingine za wateja, za rozi, zilizochubuka pembeni pale zinaposugua mkono wa shati. Kwenye mabaka chuma cheupe kinachungulia kama meno.

Jasho, joto la Mwanza, manukato ya kujipulizia mkononi, vyote vinakula utando. Ukiwa mwembamba chini ya mikroni moja unaweza kuondoka mapema, ukiwa wa mikroni 10 au 20 unakaa miaka. Na hapa ndipo njano inapomshinda rozi kwa mtu wa kawaida. Utando wa njano ukiwa juu ya bodi ya shaba nyeupe-njano, ile wanayotengenezea vitasa na mabomba, ukichubuka hauonekani haraka kwa sababu chini napo ni njano. Rozi ikichubuka, hata aliyekaa meza ya mwisho ukumbini anaona.

Kijana akachukua ya njano. Mkopo akaachana nao.

RANGI IPI KWA MKONO UPI

Tukiacha pesa pembeni, bado swali la muonekano lipo. Saa ya suti ina kanuni zake. Iwe nyembamba ili iteleze chini ya mkono wa shati, uso wake usiwe na makorokoro, na mkanda uwe wa ngozi. Ikiwa kila kitu kimepungua hivyo, kinachobaki kuongea ni rangi ya bodi. Ndio maana ikikosewa inakosewa kweli.

Njano ndiyo rafiki wa ngozi nyeusi. Kwa mtu mweusi tii, au wa maji ya kunde, njano inakaa juu ya ngozi na kuonekana bila kupiga kelele. Ila njano nazo hazifanani. Kuna ile inayowaka kama kiini cha yai la kienyeji, ambayo mara nyingi ndiyo ya kuchovya ya bei rahisi, na kuna njano iliyopoa, inayokaribia rangi ya majani makavu. Hiyo ya pili ndiyo ya saa ya suti. Ya kwanza waachiwe wapiga disko.

Rozi inapendeza, tusidanganyane. Kwenye suti ya kahawia au bluu iliyokolea, na mkanda wa kahawia, inatulia sana. Shida yake ni mbili. Kwa ngozi yenye wekundu au ya maji ya kunde iliyoiva, inaweza kumezwa isionekane kabisa mpaka taa ya kamera imulike. Na pili, haielewani na pete ya njano. Bwana harusi anavishwa pete ya njano kidole cha mkono wa kushoto, na saa iko mkono huo huo. Kila picha ya kukata keki itaonyesha rangi mbili zinazogombana umbali wa sentimita chache. Bibi harusi aliyeangalia pete yake akanyamaza alikuwa ameshaliona hilo kabla ya kamati nzima.

Nyeupe ni ya wachache. Ukiwa mbali haitofautiani na chuma, yaani mtu analipa pesa ya dhahabu halafu jirani anaona saa ya kawaida. Nyingi pia hupakwa rodiamu ili zing'ae, na ikifutika inabidi kurudi kwa sonara. Lakini kwa mwenye dhahabu ya kweli anayepanda bodaboda usiku kutoka stendi ya Nyegezi, hiyo ndiyo rangi ya akili kuliko zote. Kibaka haitamani asichokijua.

Na vile vitu vidogo visisahaulike. Bakoli ya mkanda wa suruali, vifungo vya mkono wa shati, fremu ya miwani: vikiwa vya njano, saa iwe njano. Vikiwa vyeupe, saa nyeupe, hata kama ni chuma kitupu. Chuma safi cha laki moja kinamheshimu mvaaji kuliko dhahabu ya kuchovya inayomwumbua mwezi wa tatu wa ndoa.

STAA ANAVAA NINI HASA?

Kuhusu wale wa mitandaoni, kuna jambo moja tu la kujua. Rolex Day-Date, ile saa inayoposhwa kuliko zote na watu wanaojiita mabosi, ilitoka mwaka 1956 na inauzwa kwa dhahabu au platinamu tu. Ukiona ya "chuma iliyochovywa gold", hiyo ni feki hata ikiwa kwenye mkono wenye wafuasi milioni. Nyingine ni za kuazima kwa ajili ya video, zinarudi kwa mwenyewe kabla wimbo haujatoka. Halafu mtoto wa watu anakopea kivuli.

Inauma zaidi ukifikiria ni wapi haya yanatokea. Busisi iko kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Mwanza. Upande mmoja kuna Geita, yenye mgodi mkubwa na soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019. Upande wa pili kuna Mwanza, ambako mwaka 2021 Rais Samia alizindua kiwanda kinachosafisha dhahabu mpaka usafi wa 999.9. Dhahabu halisi inapita katikati ya watu hawa. Wao wakubali kuingia kwenye madeni kwa ajili ya dhahabu ya kupaka, tena ya rangi waliyochaguliwa na posti ya sekunde 15?

Mwenye uwezo anunue dhahabu yenye muhuri, apeleke kwa sonara ipimwe, achague rangi inayokubaliana na ngozi yake na pete yake. Asiye na uwezo avae njano iliyopoa au chuma cheupe, atembee kifua mbele. Saa ya suti kazi yake ni kumfanya mtu aonekane ametulia. Mwenye deni la kausha damu hatulii, hata avae rozi mikono yote miwili.

Haya wadau: njano, rozi au nyeupe? Na kabla hujajibu, angalia mkono wako kwanza, sio simu.