Mashauri ya Shambani: Waya Ukizonga Mashine ya Nyasi

Juma hili twataka kusema habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo laweza kumtia mtu kilema: namna ya kuondoa waya uliojizonga katika mashine ya kukatia nyasi ifungwayo nyuma ya trekta.

Tuseme uko Jego, upande wa Vanga, nawe umekodi trekta ili kufyeka nyasi chini ya mikorosho, upate kuziona korosho zitakapoanguka, na moto wa kiangazi ukose cha kula. Kazi yaenda vizuri. Mara mashine yalia sauti mbaya na kutetemeka. Kumbe palikuwa na seng'enge kuukuu majanini, au kitanzi cha waya kilichotegewa nguruwe mwitu na kusahauliwa. Dereva huruka chini, na mwenye shamba, akifikiri fedha anazolipa, humhimiza: "Uvute tu, twende!" Maneno hayo ndiyo yanayokata vidole.

Msomaji na ahesabu mwenyewe. Shafti itokayo katika trekta kuizungusha mashine huenda, kwa desturi ya trekta nyingi, mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa kila sekunde. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kuukimbia mwendo huo. Tena visu huendelea kuzunguka kitambo hata baada ya nguvu kuondolewa.

Basi fanya hivi. Kwanza, ondoa nguvu za shafti, inua mashine, funga breki, zima injini, na ufunguo utie mfukoni mwako. Pili, ngoja mpaka visu visimame kabisa. Tatu, ukiwa kando, sukuma magogo imara chini ya mashine, kisha ishushe ikae juu yake. Usitumaini mikono ya trekta peke yake, maana bomba la mafuta likipasuka chuma chote huanguka ghafula. Wala usitumie matofali, kwani huvunjika. Nne, chomoa shafti kutoka katika trekta.

Sasa vaa glavu nene za ngozi na miwani, utafute ncha ya waya. Geuza visu polepole kwa kipande cha mti, kinyume cha mwendo wake wa kawaida, nao waya utajifungua kidogo kidogo. Ukikataa, ukate kwa koleo vipande vifupi, huku umeushika vema na kuuweka uso mbali, maana waya uliokazwa ukikatwa huruka kama nyoka. Usiuchome kwa moto: pana grisi, mipira na nyasi kavu.

Hata hapo usidhani kazi imekwisha. Waya mwembamba huweza kupenya penye mhimili wa visu, ukakata mpira uzuiao mafuta, ambao mafundi huuita sili. Mafuta huvuja tone kwa tone, na gia husagika kavu. Sili ni kitu cha bei ndogo, bali sanduku la gia ni mali nyingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pafute mahali hapo kwa kitambaa, fanya kazi robo saa, kisha zima injini tena na utazame kama pamelowa. Ukiona mafuta, mwite fundi. Kisu kilichopinda nacho kibadilishwe pamoja na mwenzake, ili mashine isitetemeke.

Mwisho, okota vipande vyote vya waya. Ng'ombe hachambui malisho yake kama mbuzi. Humeza kipande, kikakaa katika tumbo lake la pili, lililo karibu na moyo, na huweza kuutoboa. Ng'ombe wa namna hiyo hukonda akafa, na mwenyewe asijue kuwa alimwua kwa waya wake.

Lililo jema kupita yote ni kulitembea shamba siku moja kabla ya trekta kuingia, fimbo mkononi, na kufunga kitambaa chekundu kila palipo na chuma usichoweza kukiondoa. Trekta ya kukodi itarudi kwa mwenyewe jioni. Kidole kilichokatika hakirudi. Mwenye swali na amwendee afisa wa kilimo aliye karibu naye.